Ujanja wa Maradona, ujinga wa Mwepu

Klipu yenyewe haifiki hata nusu dakika. Wabrazil wamesimama juu ya mpira, hatua chache nje ya boksi, wanashauriana nani apige. Mbele yao kuna ukuta wa vijana wenye jezi za kijani, duara kubwa la chui kifuani. Refa anapuliza filimbi. Mara anachomoka beki mmoja kutoka ukutani, namba 2 mgongoni, anaukimbilia mpira kabla Mbrazil yeyote hajaugusa, anaubutua mbali kule kwenye nusu ya wapinzani. Wabrazil wanatazamana. Refa anakuja na kadi ya njano, na beki anamtazama kama mtu anayeuliza: kwani kuna nini?

Mara ya kwanza niliiona kwenye kibanda umiza, wakati wa mapumziko ya mechi moja ya Ligi Kuu ya Uingereza. Mwenye kibanda alikuwa na flashi iliyojaa vituko vya mpira, akiichomeka ili watu wasitoke nje wakapotelea kwa muuza mihogo. Feni moja, mabenchi ya mbao, joto la kuchemsha yai. Klipu ilipofika pale beki anapobutua, kibanda kizima kiliangua kicheko. Mtu wa nyuma yangu akasema, "Waafrika bwana!" Naye ni Mwafrika kama sisi wote tuliokuwa mle. Nami nilicheka, tena si kicheko cha kuiba.

Miaka ilipita hadi siku niliponyolewa na mzee mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa na kiti kimoja na kioo chenye ufa, mitaa ya kwetu. Nikamtania kuhusu ule mchezo, maana mimi na yeye tulikuwa tukitaniana kwa mpira kila wiki. Mashine ikanyamaza kichwani mwangu. "Mwanangu," akasema kwa Kiswahili chake cha Katanga, "ule hakukuwa mujinga. Muulize kwanza alikuwa anaogopa nini." Kisha akaendelea kunyoa, na siku ile hakuongeza neno.

Tangu hapo nimekuwa nikilifuata swali lake. Nimefikia kuamini kwamba katika matukio yote ambayo soka inayaita ya kukumbukwa, hakuna lililokumbukwa vibaya kama lile la Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Juni 22, 1974, Zaire (Kongo ya Kinshasa ya leo) ilipocheza na Brazil katika Kombe la Dunia.

Tuanze na mtu mwenyewe. Mwepu Ilunga hakuwa kijana aliyeokotwa njiani akavalishwa jezi. Alikuwa beki wa TP Englebert ya Lubumbashi, klabu iliyobeba jina la kampuni ya matairi kabla haijaitwa Mazembe, ile ile ambayo Watanzania tuliijua upya Mbwana Samatta alipohamia kule kutoka Simba mwaka 2011 na kutwaa nayo Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015. Lakini Englebert haikuanza ukubwa kwa Samatta. Ilichukua ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967, ikarudia 1968, na miaka miwili iliyofuata ikafika tena fainali. Fainali nne mfululizo. Timu ya taifa nayo ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1968 kule Addis Ababa, ikiifunga Ghana 1-0.

Halafu ukaja mwaka 1974 wenyewe. Mwezi Machi, nchini Misri, Zaire ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Nusu fainali iliwatoa wenyeji 3-2. Fainali dhidi ya Zambia ikaisha 2-2, ikabidi irudiwe, Zaire ikashinda 2-0, na mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Alimaliza mashindano na mabao 9, rekodi ambayo hata Samuel Eto'o, pamoja na mabao yake yote, hakuifikia katika fainali za mwaka mmoja. Mwepu alikuwa ndani ya kikosi hicho cha mabingwa. Wakati huo tayari walikuwa wamefuzu Kombe la Dunia kwa kuzipiku Zambia na Morocco, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko.

Sasa niambie: mtu wa namna hiyo, bingwa wa bara, aliyecheza mechi za kimataifa mbele ya umati wa Cairo na Kinshasa, anaweza kweli kuwa hajui faulo inapigwaje? Katika mechi ile ile ya Brazil zilikuwa zimeshapigwa faulo kadhaa kabla ya hiyo. Katika mechi mbili za kabla yake, kadhalika. Mtoto wa chandimu anajua kwamba faulo ikiwa ya wenzako, unasimama mbali unasubiri. Dai la kwamba Mwepu hakujua linataka tuamini kitu ambacho tusingekiamini kwa mchezaji wa daraja la tatu wa kwetu.

Na bado liliaminiwa. Mtangazaji wa BBC, John Motson, alilieleza tukio lile hewani kuwa ni kituko cha ujinga wa Kiafrika. Maneno hayo yaligandana na picha kama gundi. Tangu hapo kila anayeionyesha klipu anaionyesha na tafsiri hiyo, hata kama hajawahi kumsikia Motson mwenyewe. Sisi kwenye kibanda hatukumsikia. Tulicheka kwa tafsiri ya kuazima.

Nimesema tarehe ni Juni 22. Naomba msomaji aishike, kwa sababu miaka 12 baadaye, Juni 22, 1986, pale Azteca jijini Mexico, mtu mwingine alivunja sheria ya mpira mbele ya dunia nzima. Dakika ya 51, Diego Maradona aliruka na kipa Peter Shilton, akainua ngumi, mpira ukaingia wavuni. Refa, Ali Bennaceur wa Tunisia, akakubali bao. Dakika nne baadaye Maradona akafunga lile la pili, la kuwatambuka Waingereza kama mtu anayeruka madimbwi, lakini hilo si letu leo. La kwanza ndilo letu. Alilifunga kwa mkono, akijua, akakimbia kushangilia huku akiwageukia wenzake waje wamkumbatie ili refa asishtuke.

Tuliliitaje? Ujanja. Hata Waingereza waliolilia miaka na miaka walilia kwa sababu wameibiwa na mtu mwerevu. Hakuna aliyesema Maradona hakujua kwamba mkono hauruhusiwi. Wala hakuna aliyesema Uruguay hawajui sheria pale Luis Suárez alipouzuia mpira wa Ghana kwa mikono miwili mstarini, Julai 2010 kule Johannesburg, kisha Asamoah Gyan akagonga mwamba. Kwao alikuwa shujaa aliyejitoa mhanga. Kwetu alikuwa mwizi. Shujaa au mwizi, wote hao ni watu wenye akili zao.

Ujanja na ujinga ni maneno yanayokaribiana sana masikioni. Ukisikiliza vibaya unaweza kudhani mtu kasema hili kumbe kasema lile. Katika mpira hayapishani kwa kitendo. Yanapishana kwa mtendaji, na kwa yule aliyeshika kipaza sauti.

Turudi Ujerumani Magharibi, kwa sababu huko ndiko jibu la swali la kinyozi liliko.

Kundi la Zaire lilikuwa na Scotland, Yugoslavia na Brazil, bingwa mtetezi. Mechi ya kwanza, Juni 14 mjini Dortmund, Zaire ilifungwa na Scotland 2-0, mabao ya Peter Lorimer na Joe Jordan, yote kabla ya mapumziko. Si aibu hiyo. Kuna timu kubwa za Ulaya ambazo zingeshukuru kufungwa mbili tu na Scotland ile. Chui, kama timu ya Zaire ilivyoitwa, walicheza mpira, walipiga pasi, walishambulia.

Kilichoharibu kila kitu ni pesa. Baada ya mechi ile wachezaji waligundua kwamba bonasi walizoahidiwa hazipo, zimeliwa na wakubwa walioandamana na timu. Mobutu Sese Seko, rais wa Zaire, alikuwa amewafanya vipenzi vyake. Baada ya ushindi wao alikuwa amewagawia nyumba na magari. Sasa wako ugenini, mifuko mitupu, na wale walioshika hela wako kwenye viti vya heshima. Wakatishia kugoma. Wakashawishiwa kucheza. Juni 18 wakaingia uwanjani Gelsenkirchen kukutana na Yugoslavia.

Tisa bila.

Mechi ile inastahili kutazamwa kwa utulivu, maana ndani yake kuna kisa kinachonisumbua kuliko hata faulo ya Mwepu. Kocha wa Zaire, Blagoje Vidinić, naye alikuwa mtu wa Yugoslavia, na unaweza kuwazia minong'ono iliyofuata. Bao la tatu lilipoingia, hata nusu saa haijatimia, kipa Kazadi Mwamba alitolewa. Kazadi naye alikuwa mtu wa Lubumbashi, mmoja wa makipa bora barani. Akaingia Tubilandu Ndimbi, mfupi kwa kipa, na kazi yake ya kwanza ikawa kuokota mpira nyavuni.

Hapo hapo pakatokea zogo. Wachezaji wa Zaire walimzunguka refa, Omar Delgado wa Colombia, wakilalamika, na katika msongamano ule mmoja wao akampiga refa teke kwa nyuma. Refa akageuka na kumtoa nje Ndaye Mulamba. Namba 13. Mfungaji wa mabao 9 kule Misri. Ndaye alikana, hakusikilizwa, akatoka. Aliyepiga teke alikuwa Mwepu Ilunga, namba 2, na hilo Mwepu mwenyewe hakuja kulificha.

Sitaki kumfanya Mwepu malaika. Kumpiga refa teke ni kumpiga refa teke. Lakini angalia vizuri: katika Kombe la Dunia, mbele ya kamera, refa aliwatazama Waafrika wawili, maumbo tofauti, namba tofauti, akaadhibu asiye na kosa. Hiki ndicho kituko kikubwa kilichotokea katika mechi zile. Mbona hakimo kwenye flashi ya vichekesho? Siku hizi refa akikosea sura kuna mitambo ya video ya kumrudisha kwenye mstari. Mwaka ule kulikuwa na Ndaye anatembea kuelekea vyumbani, timu imebaki na kumi, na mabao yakiendelea kumiminika. Hadi mapumziko yalishafika sita.

Tisa bila ni kipigo kizito, sibishi. Lakini Korea Kusini ilishafungwa 9-0 na Hungary mwaka 1954, na El Salvador ikaja kufungwa 10-1 na Hungary hiyo hiyo mwaka 1982. Hata kwenye fainali hizo hizo za 1974, Haiti ilipigwa saba na Poland. Kipigo cha Zaire kilibeba uzito wa ziada kwa sababu ya siasa za viti. Mwaka 1966 Afrika iligomea Kombe la Dunia kwa kunyimwa nafasi ya moja kwa moja. Ilikuja kuipata moja tu, moja kwa bara zima. Na siku mbili kabla ya mashindano ya 1974 kuanza, João Havelange alimwangusha Stanley Rous katika uchaguzi wa urais wa FIFA, kura za Waafrika zikiwa nyuma yake kwa ahadi ya kufungua mlango. Kwa waliokuwa hawautaki mlango ufunguliwe, tisa bila ilikuwa zawadi. Mwepu alipoukimbilia mpira siku nne baadaye, kuna watu walikuwa wameshaandaa maneno ya kumwekea.

Sasa mechi ya tatu, na hesabu zake, ambazo mpenzi wa mpira hupenda kuzifanya hata akiwa msibani. Brazil, Yugoslavia na Scotland zote zilitoka sare zenyewe kwa zenyewe. Brazil na Yugoslavia 0-0, Brazil na Scotland 0-0, na siku ile ya mwisho Scotland na Yugoslavia 1-1. Kwa hiyo nani aendelee, nani arudi nyumbani, kulitegemea kitu kimoja: umeifunga Zaire mangapi. Yugoslavia tisa. Scotland mawili. Brazil ilihitaji matatu ili kuwapita Waskoti. Zaire walikuwa wamegeuzwa mizani ya kupimia wenzao.

Upande wa pili nao ulikuwa na hesabu yake. Miaka mingi baadaye Mwepu aliieleza BBC kwamba baada ya zile tisa, watu wa Mobutu walifika hotelini, wakafunga milango kwa waandishi, wakawaambia wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil mabao manne, hakuna atakayerudi nyumbani. Matatu, sawa. Manne, hapana.

Soma tena klipu ukiwa na hesabu hizo kichwani. Brazil wanamwaga mashambulizi. Jairzinho alifunga mapema, dakika ya 12. Rivellino akaongeza dakika ya 66. Valdomiro akatia la tatu dakika ya 79, mpira ambao Kazadi aliyerudishwa golini angeudaka siku nyingine yoyote. Mahali fulani katika kipindi hicho cha lala salama inapatikana faulo nje ya boksi, na anayepiga mipira ya namna hiyo kwa Brazil ni Rivellino, mguu wa kushoto unaopasua kuta. Beki wa kulia wa Zaire anaona mpira umetengwa, filimbi imelia, na kila sekunde inayopita ni faida. Anatoka mbio, anaubutua.

Kuua muda. Ndivyo tunavyoiita. Kila wikiendi tunaona mabeki wa ligi zetu na za Ulaya wakiusukuma mpira mbali kwa unyayo faulo ikitolewa, makipa wakilala chini kushikilia misuli ambayo dakika moja baadaye imepona. Wanapata kadi ya njano, wanatabasamu, na mchambuzi kwenye televisheni anasema hiyo ni uzoefu. Mwepu alifanya hivyo hivyo, ila kwa ukubwa, bila aibu, kwa miguu iliyokuwa imebeba zaidi ya matokeo ya mechi.

Kuna mtu atanikumbusha kwamba Mwepu hakuwa na maelezo ya aina moja. Ni kweli. Kuna wakati alisema alitaka apewe kadi nyekundu atoke, kwa sababu haoni kwa nini aumie uwanjani wakati wanaofaidi pesa wamekaa jukwaani. Wakati mwingine alizungumzia vitisho. Wapo wanaotumia tofauti hiyo kusema alikuwa akijitungia heshima uzeeni. Mimi sioni mgongano. Mtu mmoja anaweza kuwa na hasira ya mshahara na hofu ya kifo katika dakika moja, na anayebisha hajawahi kufanya kazi chini ya bosi asiyelipa na anayetisha. Katika maelezo yote, jambo moja halikubadilika kamwe: alisema sheria alikuwa anaijua.

Na kwa nini alichelewa kusema? Hebu jiweke mahali pake. Mobutu alitawala hadi Mei 1997, akafa Septemba mwaka huo uhamishoni Morocco. Katika miaka hiyo 23 nani angesimama Kinshasa au Lubumbashi akaelezea dunia kwamba walinzi wa rais walitishia timu ya taifa? Maradona alitoka uwanjani moja kwa moja kwenda kwa waandishi, akawapa kile kifungu chake cha kichwa cha Maradona na mkono wa Mungu, na kesho yake tukio lilikuwa na jina lake mwenyewe, la mwenye nalo. Mwepu alitoka uwanjani akaingia kwenye ukimya. Timu ilirudi nyumbani bila mapokezi. Mobutu alikwishahamishia mapenzi yake kwenye ngumi. Oktoba 30 mwaka ule ule Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, na mpira ukawa habari ya jana.

Hapa ndipo ninapoona tofauti ya msingi kati ya matukio ya soka. Kuna yenye picha na mdomo, kama la Maradona. Kuna yenye mdomo bila picha. Mpenzi wa Simba wa umri fulani anaweza kukueleza mwaka 1979 kama aliyekuwepo: wamefungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa Dar es Salaam, wakaenda Zambia watu wakiwaonea huruma, wakarudi na 5-0. Huna klipu ya kuonyesha. Hakuna kibanda kitakachoiweka wakati wa mapumziko. Lakini simulizi ina wenyewe, inasimuliwa kwa mapenzi, na kila anayesimulia anaongeza chumvi kidogo ambayo hakuna anayeikatalia.

La Mwepu ni la aina ya tatu: picha isiyo na mdomo. Sinema ilikuwepo, msimulizi hakuwepo. Na picha ikikaa bila mwenyewe, yeyote atakayeiokota ataisemea atakavyo. Kwa miaka zaidi ya ishirini aliyeisemea ni mgeni.

Linganisha na Gijón, Juni 25, 1982. Ujerumani Magharibi, iliyokuwa imechapwa 2-1 na Algeria, ilikutana na Austria huku timu zote mbili zikijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani unawavusha wote wawili na kuitoa Algeria. Horst Hrubesch akafunga mapema, kisha watu wazima 22 wakapasiana mpira hadi filimbi ya mwisho. Uwanja mzima ulizomea, hata watangazaji wa Ujerumani na Austria walikasirika, na FIFA ikabadili utaratibu ili mechi za mwisho za kila kundi zichezwe kwa wakati mmoja. Ilikuwa fedheha, na iliitwa hivyo. Lakini hakuna aliyeiita ujinga wa Kizungu. Ilibaki kuwa dhambi ya timu mbili, siku moja, kwenye mji mmoja. Mwepu alipokosea, lilikosea bara.

Nasi tulilipokea hivyo hivyo. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba kibanda chetu, kilichojaa watu wanaozungumza lugha moja na Mwepu, maana Lubumbashi ni mji wa Kiswahili, kilicheka kwa sauti ya mtangazaji wa London. Sisemi tusicheke. Ukiiangalia kama mchezo, ile ni picha ya kuchekesha kweli, na nadhani Mwepu mwenyewe alijua. Lakini kuna kicheko cha kumcheka mjinga na kuna kicheko cha kumcheka mtundu, na Wabongo tunaijua tofauti hiyo vizuri kuliko watu wengi.

Wenzake hawakuwa na bahati zaidi. Ndaye Mulamba, yule aliyebebeshwa teke la mwenzake, alienziwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwenye fainali za Kombe la Mataifa za 1994 nchini Tunisia. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha walimvamia wakidhani mchezaji wa zamani lazima ana hela, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi Cape Town maisha ya mkimbizi. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama dakika moja kumwombolezea, kwa kuwa ilitangazwa kwamba amefariki. Hakuwa amefariki. Alikuwa hai Afrika Kusini, na akaendelea kuwa hai kwa zaidi ya miaka 20, hadi Januari 2019. Mfungaji mwenye rekodi ya bara, na bara halikujua kama yupo au hayupo.

Mwepu yeye alifariki Kinshasa, Mei 2015, akiwa na miaka 65. Taarifa za kifo chake zilizunguka dunia nzima, na karibu zote ziliambatana na ile klipu.

Mwaka 2010, kabla ya hapo, Lubumbashi ilipata tukio lingine la kamera. TP Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kipa wao, Muteba Kidiaba, alishangilia kwa staili yake ya kurukaruka akiwa amekaa chini, makalio yakidunda nyasini. Dunia ilicheka tena. Safari hii ilicheka pamoja naye, kwa sababu Wabrazil ndio waliokuwa wamefungwa, na Kidiaba alikuwepo kueleza furaha yake mwenyewe. Wakafungwa na Inter Milan ya Italia 3-0 kwenye fainali, na hakuna aliyejali sana. Watoto wa Dar hadi Mombasa walikuwa wakidunda kama yeye kwenye vumbi.

Nilimrudia kinyozi baada ya kuyapata haya yote, nikiwa na simu mkononi, klipu tayari. Akasema niiweke asikilize. Nikaiweka. Akaitazama hadi pale refa anapotoa kadi, kisha ikakatika kama zinavyokatika zote. "Inaishia hapo?" akauliza. Nikamwambia zote zinaishia hapo. Akatikisa kichwa, akanifunga kitambaa shingoni, akanieleza kilichofuata. Faulo ilipigwa upya. Haikuingia. Mechi ikaisha tatu bila, na wote wakapanda ndege kurudi nyumbani.